Delaware Haihesabiwi

Ramani ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa gari lao la kuishi, upande wa nje, mahali ambapo kila mpita njia angeiona. Ilikuwa ramani ya Marekani isiyo na kitu ila mistari ya mipaka. Ndani ya kila jimbo Delmar na Arlys Tollefson walikuwa wamebandika stika ya rangi, moja moja, kila walipolala. Jua lilikuwa limezifubaza zile za mwanzo. Minnesota, kwao, ilibandikwa nyekundu. Sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hawaii walikuwa wameisamehe kwa sababu hakuna barabara ya kufika huko. Kilichobaki wazi kilikuwa kipande kimoja pembeni mwa mashariki, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Delaware.

Arlys alikiona kila alipopanda ngazi. Alasiri hiyo alipanda na kapu la nguo kutoka chumba cha kufulia cha kambi ya magari walikoegesha, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa inamuuma tangu alipoamka. Alikuwa na shuka za kutandika. Kitanda chao kilikuwa kimebanwa na ukuta pande tatu, na kukitandika kulitaka mtu apande juu yake kwa magoti kisha arudi kinyumenyume kama anayedeki sakafu. Miaka ya mwanzo alikuwa akicheka akiwa huko juu. Sasa aliketi kwanza ukingoni, shuka mikononi, akijibembeleza.

Chini ya dirisha Delmar alikuwa akipekuapekua kwenye sanduku la vifaa.

"Mama, umeona glovu zangu?"

"Ziko ulikoziacha."

"Ningejua nilikoziacha ningekuuliza?"

"Juu ya betri, baba."

"Haya, nimeziona. Kesho tunaondoka, upepo ukilala."

"Upepo wa hapa haulali," alisema Arlys, lakini kwa sauti ndogo, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Delmar alikuwa dereva wa basi la shule karibu maisha yake yote. Njia ile ile, kona zile zile, masanduku yale yale ya barua. Aliwabeba watoto, kisha akawabeba watoto wa wale watoto. Arlys alipika katika jiko la shule hiyo hiyo. Walipostaafu waliuza nyumba, wakanunua gari la kuishi ndani yake, refu kama basi, lenye jiko, choo na kitanda. Wiki ile nyumba ilipouzwa waliketi mezani jikoni, vikombe viwili tu vikiwa vimebaki bila kufungashwa, wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Ramani ikijaa, tunasimama. Tunatafuta mahali, tunashuka, basi. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na ni Delmar aliyeyatamka.

Na Delaware walikwisha kulala. Ilikuwa majira ya joto ya mwaka juzi, mvua inamwagika kwa ndoo. Waliingia kwenye maegesho ya duka kubwa giza likiwa limeshaingia, wakala mkate na siagi ya karanga, wakalala, wakaondoka mapema. Asubuhi ile Arlys alitoa stika mkobani, Delmar akatikisa kichwa.

"Hatukushusha jeki," alisema, yaani ile miguu ya chuma inayolikaza gari chini likiegeshwa. "Gari lisiposhusha jeki halijalala. Limesimama tu."

Arlys alicheka siku ile. Alidhani mumewe anatania.

Baada ya kutandika alitoka, akaenda kwa Twyla. Twyla aliishi peke yake katika kijitrela kilichoegeshwa hatua chache kutoka kwao, na trela hiyo haikuwa imesogea tangu mumewe alipofariki. Matairi yalikuwa yameisha upepo, naye Twyla alikuwa amepanda maua kuyazunguka. Kila mwezi wa kumi, akina Delmar walipofika hapo kambini Deming, huku kusini, kukimbia baridi, Arlys alichomeka vitunguu saumu kwenye tuta la Twyla. Vitunguu hivyo huiva mwezi wa sita. Mwezi wa sita Arlys huwa Oregon, au Michigan, au kando ya barabara fulani akingoja fundi.

Majani yalikuwa yamefika shubiri na nusu. Arlys aliinama kwa shida, akapangusa mchanga.

"Mwaka huu utakuja kuving'oa mwenyewe?" aliuliza Twyla. "Au nikutumie picha tena?"

"Nitumie picha."

"Nimechoka kupiga picha vitunguu, mwenzangu. Watu wengine wana picha za wajukuu kwenye simu. Mimi nikimwonyesha mtu simu yangu anadhani nauza mboga."

Arlys alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani, naye akabaki ameinama pale pale muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Twyla alimtazama mgongo.

"Umemwambia Delmar?"

"Nimwambie nini?"

"Haya. Bakia nayo."

Jua lilipoanza kuegemea watu wakatoka na viti vyao vya kukunja. Ndivyo ilivyokuwa kila siku: kila mtu na kiti chake, kila mtu na kikombe chake, na hakuna anayeuliza kilichomo ndani ya kikombe cha mwenziwe. Walikaa duara upande usio na upepo wa gari la Wendell, mgane kutoka Oklahoma ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kumchokoza mtu.

"Nasikia mnakwenda Delaware," alisema Wendell. "Kuna nini Delaware?"

"Hakuna kitu," alisema Arlys.

"Kuna nafasi kwenye ramani," alisema Delmar.

"Lakini si mlishalala huko?" Twyla aliingilia. "Mvua kubwa, maegesho ya duka. Nimesimuliwa."

"Hatukulala. Tulisimama."

"Ulifumba macho?"

"Nilifumba."

"Ulikoroma?"

Delmar alijificha nyuma ya kikombe. Twyla akamgeukia Arlys.

"Alikoroma mpaka mlinzi wa duka akaja kugonga dirisha," alisema Arlys, na duara zima likaangua kicheko.

Delmar aliinua mkono kama anayesimamisha magari. "Ngojeni. Ngojeni niwaambie. Jeki hazikushuka. Jeki zisiposhuka hujalala mahali, bado uko njiani. Hiyo ni sheria, na kila mtu hapa anaijua."

Wakatazamana. Sheria za ramani si mchezo kwa watu hawa, kila mmoja na ramani yake. Wapo wasiobandika jimbo mpaka wale chakula cha huko, na wapo wasiobandika mpaka wavue samaki. Wendell alijikuna kidevu kwa makini.

"Mimi nilikaa Nevada wiki nzima bila jeki. Zilikuwa zimekufa. Kwa hiyo Nevada niibandue?"

"Ibandue."

"Bwana wee! Niliacha jino Nevada. Siibandui ng'o." Akanyoosha kikombe juu. "Tupige kura. Wanaosema Delaware inahesabiwa?"

Mikono ikapanda, vikombe vikiwa ndani yake. Mkono wa Arlys haukupanda. Delmar akamgeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa na utani.

"Na wewe, mama?"

Arlys aliangalia ndani ya kikombe. Angeweza kusema pale pale, mbele ya watu, na wote wangekuwa upande wake. Lakini alikuwa amelala na mwanamume huyu kitanda kimoja tangu akiwa msichana, na hakutaka kumshinda kwa mikono ya majirani.

"Chai yangu imepoa," alisema, akakunja kiti chake, akaondoka.

Asubuhi upepo ulikuwa umepungua. Delmar alichomoa umeme, akamwaga maji machafu, akakunja mpira wa maji na kuufunga kwa kamba. Arlys alikaa kiti cha mbele, karibu na vitufe, kama kawaida yao. Mmoja huzunguka nje akiuliza, mwingine hukaa ndani akijibu, na gari haliwashwi mpaka maswali yaishe. Nje waliobaki walikuwa wameshajipanga na kahawa zao kuwapungia. Hiyo nayo ni desturi. Mtu haondoki kambini bila kupungiwa.

"Antena?" aliita Delmar.

"Chini."

"Gesi?"

"Imefungwa."

"Kabati?"

"Zimefungwa."

"Jeki?"

Kidole cha Arlys kilikuwa juu ya kitufe. Angekibonyeza tu, miguu minne ya chuma ingejikunja, gari lingeyumba kidogo na kuwa la barabara tena. Alikiangalia kile kidole, jinsi kilivyopinda kwenye kiungo. Mbele ya kioo alimwona Wendell, mkono tayari hewani.

"Jeki?" aliita Delmar tena.

"Chini."

"Zipandishe basi."

"Hapana."

Wendell alishusha mkono polepole, akaanza kuchunguza kahawa yake. Delmar alipanda ngazi, glovu mikononi, akasimama mlangoni.

"Zimekwama?"

"Hazijakwama. Mimi ndiye sitaki."

"Ramani haijajaa, Arlys."

Hakuwa akimwita kwa jina mara nyingi.

"Imejaa tangu mwaka juzi. Wewe ndiye uliyeikatalia." Sauti yake haikupanda. "Nimechoka, Delmar. Sisemi nimechoka leo. Naamka nikiwa nimechoka. Kila daktari ananiuliza maisha yangu upya toka mwanzo. Kila rafiki nampungia mkono. Nataka niving'oe vile vitunguu kwa mkono wangu. Mara moja tu, nione ninachopanda."

Delmar aliketi kwenye kiti cha dereva. Alivua glovu, akazilaza gotini moja juu ya nyingine.

"Unakikumbuka kiti cha Orrin?" alisema hatimaye. Orrin alikuwa kaka yake.

"Cha kijani. Cha kuegemea."

"Aliuza ng'ombe mwezi wa nne, akanunua kile kiti, akasema sasa nimepumzika. Krismasi yeye hayupo, kiti kinauzwa."

Arlys hakuwa amejua. Miaka yote hiyo, katika milima yote ile na vituo vyote vya mafuta, alidhani mumewe anaipenda barabara. Kumbe mtu alikuwa anakikimbia kiti.

"Orrin alikaa peke yake akiangalia zizi tupu," alisema. "Hakuwa na wa kumsumbua. Wewe nitakusumbua. Ukikaa kwenye kiti nitakuinua ukanichimbie tuta."

"Najua utanisumbua."

"Nakuahidi."

Delmar alicheka puani. Kisha akaiangalia mikono yake. "Mwezi wa kumi, tukija huku. Lile daraja, upepo ulipotusukuma. Nilipotoka pale nilikwambia nasimama niangalie tairi."

"Nakumbuka."

"Vidole vilikuwa havifunguki. Nilikaa nikivikanda."

"Nilijua. Hakuna mtu anayeangalia tairi akiwa ameketi."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Upepo ulirudi, ukalipiga gari ubavuni. Gari lilitikisika, likatulia juu ya jeki zake. Wote wawili walisikiliza likitulia.

"Mpaka mwezi wa sita," alisema Delmar. "Tuone hivyo vitunguu. Halafu tutazungumza."

"Tutazungumza."

"Ile stika. Bado unayo?"

Ilikuwa mkobani, kwenye mfuko mdogo wa zipu, pamoja na miwani yake ya akiba. Ilikuwa ya kijani. Delmar alishuka nayo, akaikandamiza kwenye ramani kwa kidole gumba. Ilianguka. Gundi ilikuwa imekauka. Akailamba, akaikandamiza tena. Ikaanguka tena, ikapeperuka, ikabidi Twyla aikanyage kwa kandambili isije ikafika Texas.

"Jamani," aliita Wendell, "mnaondoka au hamwondoki? Bega langu limechoka kupunga."

"Hatuondoki. Leta gundi."

"Ehe! Kwa hiyo Delaware inahesabiwa? Jeki zilishuka?"

"Wendell, leta gundi, au nitaenda kubandua Nevada yako kwa mkono wangu."

Stika ilikaa upande kidogo, pembe moja ikiingia baharini. Delmar aliitazama. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda wala aliyeshindwa. Ulikuwa wa dereva aliyeteremsha mtoto wa mwisho na sasa amebaki na basi tupu. Kisha aliufungua ule mpira wa maji aliokuwa ameukunja, akaanza kuukunjua.

Arlys hakutoka. Alipita jikoni, akapanda kitandani kwa magoti. Safari hii hakutandika kitu. Alijilaza upande wa nyonga isiyouma, viatu miguuni, asubuhi kweupe. Kupitia ukuta mwembamba alisikia maji yakiingia kwenye bomba, na Twyla akimwuliza mtu kama kuna anayejua kutengeneza kikapu cha kuvunia. Hakuwa na furaha ya kuimba. Alikuwa amechoka tu, lakini huu ulikuwa uchovu wenye mahali pa kulala.

Mtu aligonga ubao wa gari chini ya dirisha, mara mbili.

"Jeki?" aliuliza Delmar.

"Chini," alijibu Arlys, akiwa amefumba macho.