Daftari Lenye Msalaba

Jumanne, tarehe 12 Oktoba 1937. Joto tangu kabla ya jua kuchomoza. Hakuna upepo. Moshi wa tanuru la shaba umelala juu ya mji na jua limetoka jekundu. Mvua bado.

Ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kwa penseli, kama ninavyoandika kila siku: tarehe, hali ya hewa, kisha sala moja fupi. Siku hiyo sala haikuja. Nilikaa nimeshika penseli mpaka mke wangu Delphine akaniondolea uji uliopoa. Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa kifungoni tangu Jumapili, na kilichomfunga ni sala zangu.

Naitwa Anaclet. Watu wetu ni wa kaskazini ya Katanga. Baba yangu alikuja hapa Élisabethville na kazi ya kuweka reli. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu tayari, jioni, kwa mapadri, nikikaa benchi moja na vijana walionicheka. Sikuona haya. Nilimwomba Mungu anifungue kichwa, akanifungua kidogo kidogo.

Nafanya kazi stesheni, kwenye hangari la mizigo. Makasha mengi yanatoka kusini, upande wa Rodezia, nayo yameandikwa Kiingereza. Mwezi wa tatu mwaka huo makasha mawili ya dawa za wagonjwa yalikaa juani siku tatu. Maandishi yake yalisema yawekwe kivulini, lakini hakuna kati yetu aliyejua kuyasoma. Dawa zikaharibika. Jioni ile nilipiga magoti, nikaona kwamba Mungu amenipa kazi.

Mwape alikuwa fundi cherehani, Mubemba kutoka ng'ambo ya mpaka, aliyesoma shule ya Waprotestanti huko kwao. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi, naye aliniita Baba hata pale nilipokosea. Tulikuwa wanafunzi watano. Siku tatu kwa wiki, baada ya kazi, tulikaa sebuleni kwake kati ya suruali zilizokatwa nusu, huku mkewe Agnès akichochea makaa ya pasi uani.

"Mu Kingereza, muntu anatangulia," Mwape alituambia siku ya kwanza. "Mu Kiswahili unasema 'nafungua', muntu iko ndani ya neno, amejificha. Mu Kingereza anasimama inje, peke yake, kila muntu anamuona. Semeni: *I open the box.*"

"*I open the box*," tukasema. Nafungua kasha.

"*You open the box. He opens the box.*"

Désiré, Mkasai anayeuza vitambaa sokoni, akainua mkono. "Mwalimu, hapa kasha iko moja. Miye nimefungua, weye umefungua, ule naye amefungua. Mbona hatujaona kitu iko ndani?"

Tulicheka mpaka Agnès akaja kuchungulia. Nayakumbuka macho yake: hakututazama sisi, alitazama mlango wa barabarani kama umefungwa.

Alikuwa na sababu. Mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia polisi walikuwa wamemchukua fundi matofali mmoja wa mtaa wa pili, kwa ajili ya karatasi ya Kiingereza iliyokutwa chini ya godoro lake. Walisema ni mtu wa Kitawala, wale wanaohubiri kwamba mwisho wa dunia umefika na utawala wa wazungu utaanguka. Dini hiyo ilitoka Rodezia, na vitabu vyake vilikuja kwa Kiingereza. Fundi yule alipandishwa treni. Mkewe alikwenda kuuliza amepelekwa wapi, mara tatu. Mara ya nne hakwenda tena, akarudi kwao.

Kwa hiyo Mwape aliweka utaratibu. Kila mmoja alileta kwa Kiswahili sentensi tano za kazi yake. Yeye alizigeuza Kiingereza na kuziandika katika daftari, kaye tunavyosema hapa, kwa mkono wake mwenyewe. Sisi tulizinakili juu ya vibao vya mawe, kisha tukavifuta. Madaftari yalibaki kwake, ndani ya droo ya meza ya cherehani, bila majina. Juu ya jalada alichora alama tu: la Désiré lilikuwa na baiskeli, jingine samaki, jingine kofia, jingine ufunguo.

"Wakikuta kaye," alisema, "watakuta mkono wangu tu. Nyie mutalala salama."

Sikulipima neno lile. Nilimwomba anichoree msalaba.

Wenzangu walileta sentensi za bei, za baiskeli, za mlango wa bosi. Mimi nilileta sala. Sikutaka kuonekana mtakatifu. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo tayari, yameandikwa katika daftari langu la kila asubuhi, na niliona ni rahisi kujifunza kwa maneno ninayoyapenda. Mara ya kwanza Mwape alisoma, akaweka kalamu chini.

"Baba, hizi haziko za hangari."

"Ni za hangari, Mwalimu. Ni za wale wagonjwa wa dawa."

"Bwana, uwalinde wanaongoja," alisoma polepole. "Bwana, usikawie. Bwana, uje upesi." Alitazama mlango kama mkewe alivyoutazama.

"Baba Anaclet!" Désiré akadakia. "Weye utafika mbele ya kichwa ya treni, mukubwa wa Rodezia atauliza mizigo iko wapi, utamujibu Amina?"

Wakacheka. Mwape hakucheka. Lakini mimi nilikuwa mkubwa wao, na mtu mwenye heshima hamkatalii mkubwa neno la Mungu. Akachukua kalamu, akaandika. Kuanzia mwezi wa nne hadi Oktoba aliandika sala zangu, kurasa thelathini na mbili, kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

Jumapili tarehe kumi, wakati sisi Wakatoliki tuko misani, polisi waliingia nyumbani kwake. Walikwenda moja kwa moja kwenye droo.

Jumatatu, tulipopangwa mstari stesheni kuitwa majina, sajenti wa polisi, aliyekuwa akizunguka kila mahali pa kazi, alitusubiri na madaftari matano mkononi. Aliyainua moja moja. Baiskeli. Samaki. Kofia. Ufunguo. Kisha akainua lenye msalaba.

"Hizi ingine ni mambo ya biashara tu," alisema. "Lakini hii ni kaye ya mahubiri. Kurasa yote ni sala. Mukatoliki anasali Kilatini, anasali Kiswahili. Nani anasali Kingereza? Ni bantu ba Kitawala. Sasa, ule fundi anasema ni kaye ya mwanafunzi, lakini jina hataki kutaja. Mwanafunzi iko wapi?"

Nilikuwa mstari wa pili, hatua nne kutoka kwake. Nilisema moyoni: Bwana, ngoja kidogo. Sajenti alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, akalitia daftari kwapani.

"Basi ni yake mwenyewe," alisema.

Nilibeba makasha siku nzima. Jioni nilimkuta Désiré barazani kwangu, hana utani hata mmoja.

"Baba, sikia. Karani Clovis wa polisi ameniambia: dosie ya Mwalimu, makaratasi ya kesi yake, iko tayari. Anaenda na treni ya Alhamisi. Kitu imekwisha. Ukifungua kinywa, haumutoe, unajiongeza tu."

"Hawajui kama kaye ni yangu."

"Ndio vile. Hawajui. Mungu amekuficha, na weye unataka kutoka mu maficho yake?"

Delphine alikuwa mlangoni. "Désiré anasema kweli," alisema. "Tuko na batoto bane, Baba Anaclet."

Ndipo Agnès alipoingia uani, amejifunika kitenge kichwani ingawa joto lilikuwa kali. Alikuwa amebeba kitu kifuani. Alimsalimu Delphine kwanza, kama inavyopasa, kisha akanikabidhi kibao changu cha mawe. Nilikisahau kwake Ijumaa, na juu yake nilikuwa nimenakili sala ya mwisho, kwa mkono wangu. Sasa kilikuwa kitupu, cheusi, safi.

"Polisi walipopiga hodi, nilikikalia," alisema. "Walipotoka nikakipangusa. Mwalimu alisema kama Baba Anaclet anauliza, umupatie kibao yake, umuambie asikuwe na woga."

"Yeye alisema hivyo?"

"Alisema hivyo wakimufunga mikono."

Hakulia, wala hakuniomba kitu. Alikataa maji, akamuaga Delphine, akaondoka kwa njia ya nyuma ya nyumba. Désiré alitazama chini. Delphine alikichukua kile kibao, akakigeuza upande huu na upande ule kama anatafuta herufi iliyobaki.

"Enda misa kesho asubuhi," aliniambia hatimaye. "Kisha ufanye kile unakijua. Miye sitakushika nguo."

Kwa hiyo Jumanne ile yenye jua jekundu nilikwenda misa ya kwanza. Niliomba ishara, sikupata. Kanisani mlikuwa na harufu ya nta na jasho, na padri alikohoa kwa ajili ya moshi, basi. Nilielewa kwamba ishara nilikwisha kupewa, nayo ilikuwa kile kibao, mikononi mwangu tangu jana, kimepanguswa.

Nje ya ofisi ya polisi watu wapata ishirini walikuwa wamekaa ukutani wakingoja. Agnès alikuwa kati yao na chakula cha mumewe ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Désiré alinifuata kutoka kanisani akinivuta mkono.

"Rudi, Baba. Nakuomba. Rudi."

Niliingia. Mlango ulibaki wazi kwa ajili ya joto. Clovis, karani anayetafsiri, ni mtu wa parokia yetu. Tunashika mwavuli mmoja siku ya maandamano ya Ekaristi. Aliponiona alikunja uso.

"Baba Anaclet, sijaandika kitu bado," alisema chini chini. "Geuka tu, uende."

"Mwambie Bwana kwamba daftari lenye msalaba ni langu."

Bwana wa polisi, Mbelgiji mwembamba mwenye miwani, hakuinua kichwa. Clovis alitafsiri. Kalamu ya Bwana ikasimama.

Nikaweka mezani daftari langu la kila asubuhi. Nilimwomba alinganishe. Alivuta lile la msalaba kutoka rundo la karatasi, akamwita Clovis asome moja na yeye asome jingine. Tarehe saba ya mwezi wa nne, asubuhi ya mvua: Bwana, uwalinde wanaongoja. Ilikuwamo Kiswahili kwa mkono wangu mbaya, na ilikuwamo Kiingereza kwa mkono mzuri wa Mwape. Tarehe nane, ukungu: Bwana, usikawie. Walisoma kumi na moja hivi, kwa mfuatano uleule. Clovis alitoa leso akajipangusa shingo.

"Bwana anauliza," alisema, "kwa nini Mkatoliki alitaka sala zake ziwe Kiingereza."

"Kwa sababu nilitaka kusoma makasha, na sikuwa na maneno mengine. Mwape hakunihubiria hata siku moja. Aliniandikia tu kwa kuwa nilimwomba."

Bwana alivua miwani. Alizungumza Kifaransa muda mrefu, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwingine, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi mgongoni. Clovis alitafsiri akitazama meza.

"Bwana anasema anaona kwamba wewe ni mtu wa kazi na wa kanisa. Dosie ya fundi imeshatiwa sahihi, haifunguliwi tena. Chukua daftari lako la asubuhi, nenda stesheni. Yeye hajaliona, na wewe hukufika hapa." Alikunja leso yake. "Anasema pia kwamba behewa la Alhamisi lina nafasi. Ukirudi tena na maneno haya, jina lako litaandikwa chini ya lile la Mwape. Hataonya mara ya pili."

Bwana akalisukuma daftari langu mpaka ukingo wa meza. Kisha, bila kunitazama, akachukua karatasi nyeupe, akaiweka mbele yake, tupu, na kalamu juu yake.

Nilitazama mlangoni. Agnès alikuwa amesimama, bakuli kifuani. Désiré alikuwa nyuma yake, ameshika kofia kwa mikono miwili. Wale waliokaa ukutani walikuwa wameinuka wote. Nje, moshi ulikuwa umeshuka zaidi, na ingawa ilikuwa saa tatu ya asubuhi uwanja ulikuwa na rangi ya jioni.

Sikulichukua daftari. Nilifanya ishara ya msalaba, nikageuka nusu ili walio nje wanisikie sawa na walio ndani.

"Mimi Anaclet, wa hangari la mizigo, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu. Sala zile ni zangu. Mwape aliziandika kwa kuwa nilimwomba. Leo nimesema hapa. Kesho asubuhi nitarudi kusema tena, na Alhamisi nitasema mbele ya treni. Akishuka Mwape, nitamshika mkono. Asiposhuka, nitapanda. Naahidi."