Ndevu za Mzee

Kinyozi huyu alikuwa na mkono ambao zamani watu waliupangia foleni. Alinyoa huku akipiga soga, na mteja alijua kazi imekwisha pale tu alipohisi taulo la moto usoni. Baba yake alikuja kila Ijumaa. Mzee aliketi, akafumba macho, akainua kidevu, na kwa muda ule mfupi mtu aliyeogopwa na nyumba nzima akawa mpole kama mtoto anayeogeshwa.

Kisha pombe ikaingia mkononi. Ijumaa moja wembe uliteleza, ukamkata mzee chini ya sikio. Mzee hakupiga kelele. Alijifuta damu, akavaa kofia yake, akasema, "Mkono ukitulia, utaniita." Akatoka. Tangu siku hiyo hakukubali kunyolewa na mtu mwingine. Ndevu ziliota nyeupe, zikashuka hadi kifuani, zikawa gumzo la mtaa.

"Kinyozi," wateja wachache waliobaki walimchokoza, "siku hizi baba yako anafuga kondoo kidevuni?"

Alicheka nao, angefanya nini? Lakini jioni akifunga duka alikitazama kile kiti kitupu, na vidole vyake vikakumbuka kidevu cha mzee: mfupa ule, ngozi ile iliyolegea, joto lake. Hamu hiyo ilimvuta kuliko hamu ya chupa. Au tuseme, karibu kuliko. Hapo kwenye "karibu" ndipo penye kazi.

Daktari wa zahanati alimwambia kuna watu wanaokutana kila Jumatano jioni pale shule ya msingi, wanasaidiana kuacha pombe. "Ukifika ulizia tu," alisema.

Ulizia tu! Ni rahisi kwa anayesema.

Jumatano ilipofika alipiga pasi shati lake mwenyewe, akaenda. Langoni alimkuta mama wa usafi akifagia.

"Habari za jioni, mama."

"Nzuri, baba. Nikusaidie?"

"Nimekuja kwenye mkutano."

"Mkutano gani?"

"Huu wa leo."

"Yote ni ya leo."

Kinyozi akajikuna shingo. "Huu wa... watu wazima."

"Aa! Darasa lile lenye mlango wa bluu. Wahi, wameshaanza."

Aliingia akajibana kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu. Alishangaa jinsi walevi wa mtaa huu walivyo nadhifu. Mwanamke mmoja akasimama, akasema kwa uchungu kwamba hali hii haivumiliki tena, na wanaoumia ni watoto. Kinyozi akainamisha kichwa, maneno yalimpata. Mwanamume aliyefuata akasema dawa ni kuchimba shimo jipya. Hapo ndipo kinyozi alipong'amua kwamba ni mkutano wa wazazi, na wanazungumzia vyoo.

Akanyoosha mkono kuomba kutoka.

"Ahsante sana, baba!" mwenyekiti akadakia. "Mjumbe wa kwanza wa kamati amejitolea!"

Makofi yakapigwa. "Mtoto wako yuko darasa la ngapi?" akaulizwa.

"Bado," alijibu kinyozi, na wote wakaangua kicheko, wakidhani ni mcheshi.

Alitoka akiwa amenywea. Ng'ambo ya barabara, mbele kidogo ya lango, kulikuwa na baa. Alisikia kizibo kikifyatuka, akasikia na sauti aliyoijua.

"Kinyozi! Njoo, tumekuwekea kiti!"

Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli. Ni wapi pengine duniani alikowekewa kiti? Miguu yake ikaanza kwenda yenyewe, kama punda arudiye zizini.

Nje ya ukuta wa shule, kwenye benchi la saruji lililokuwa tupu alipoingia, alikuwa ameketi mzee mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani.

"Shikamoo, baba. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nimekaa. Wewe je?"

"Natafuta mkutano."

"Si umetoka mkutanoni? Nimesikia makofi."

"Siyo ule."

"Upi, basi?"

Mzee alimtazama bila kupepesa. Baa ikaita tena: "Kinyozi, bia inapata joto!" Kinyozi angeweza kusema lolote: kikao cha vinyozi, mkutano wa maji.

"Wa walevi, baba."

Neno hilo lilimtoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Kule langoni ufagio ulisimama.

"Si ungesema tangu mwanzo!" mama wa usafi alipaza sauti. "Stoo ya nyuma, ukipita tangi la maji. Chai yao nimewapelekea sasa hivi."

Mzee akainuka polepole, akamshika mwanawe kiwiko, wakarudi ndani ya lango.

"Baba, ulijua ni hapa?"

"Nilikuja kuwauliza kama baba anaweza kuhudhuria kwa niaba ya mtoto wake. Wakaniambia jambo hili halina wakala. Basi kila Jumatano nakaa pale. Nilijua ukija utapotea tu. Kuuliza njia hujawahi kuweza tangu utotoni."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi nusu. Ndani mtu alikuwa akisimulia, na wengine wakicheka taratibu. Mzee akasimama. "Mimi naishia hapa."

Kinyozi alinyoosha mkono akazigusa zile ndevu, kwa mara ya kwanza. Vidole vilitetemeka ndani ya nywele nyeupe. Na mzee, kwa mazoea, akafumba macho, akainua kidevu.

"Siwezi leo, baba."

"Nani kasema leo? Ingia." Mzee akafumbua macho, akajikuna shavuni. "Ila usikawie mno. Zinawasha."

Ndani, mtu aliyekiona kivuli mlangoni aliburuza kiti sakafuni, akamtengea nafasi.