Mpaka Aambiwe Rudi

Asnath alikusudia kumsindikiza mumewe mpaka kijitoni tu, pale wanapofulia. Alivaa kandambili akatoka bila hata maji ya kunywa. Nani abebe maji ya kwenda kijitoni?

Longinus alikuwa amekuja kumchukua. Alishuka kutoka milima ya Kasulu mpaka hapa kando ya Ziwa Tanganyika, kwa Nestori, kaka yake Asnath. Barabara ilipoishia akatembea, maana mtu wa milimani haamini chombo cha majini kinachotikisika. Alilala siku mbili, akala samaki wa watu, na maneno aliyoyatoa ni haya: "Twende nyumbani." Asnath akajibu, "Siendi." Basi, yakaishia hapo.

Sasa, kwao mgeni haachwi mlangoni. Husindikizwa, na msindikizaji hageuki mpaka mgeni mwenyewe amwambie, "Rudi." Ukigeuka kabla, umemfukuza. Asnath alilelewa hivyo, na hasira zake zote hazikutosha kumfukuza mume mbele ya kijiji.

Kijitoni Longinus hakusema rudi. Alivuka, na Asnath akavuka. Wakaingia msituni, njia ikipanda na kushuka juu ya mizizi, ziwa likichungulia kila miti ilipoachana. Hapo pia hakusema rudi. Jua lilikuwa la utosi walipotokea kwenye mbuga ya nyasi ndefu, isiyo na kivuli cha kutosha hata kuku. Koo lilimkauka Asnath, na kandambili moja ikakatika kamba.

Mjanja huyu, aliwaza. Anataka miguu yangu ikubali kile ambacho mdomo wake umeshindwa kuomba.

Maana Asnath hakuondoka nyumbani kwa njaa wala kwa kipigo. Aliondoka kwa sababu ya jina. Binti yao, Apoline, walimzika mvua za mwaka juzi. Tangu siku ile Longinus, aliyekuwa akimwita Mama Apoline miaka yote, akaanza kumwita "wewe". Wewe, chumvi iko wapi. Wewe, anua maharage, mvua inakuja. Mwanzoni Asnath alimwonea huruma, kila mtu ana namna yake ya kuumia. Lakini uchungu ukimwachia mmoja aubebe peke yake, humvunja mgongo. Asnath aliona kama mtoto anazikwa upya kila asubuhi, akafungasha.

Aliketi nyasini. "Nimechoka," alisema. "Nimechoka kweli, Baba Apoline."

Longinus alisimama. Akarudi, akachuchumaa, akaichukua ile kandambili. Akachana ukingo wa kiroba chake, akaanza kufunga kamba. Asnath akaona kwamba midomo ya mumewe imepasuka kwa kiu. Mwanaume mzima, na amekonda hivi! Nani humpikia?

"Kwa nini huniambii nirudi?" alimuuliza.

"Nikikuambia, utarudi."

"Ego, ndiyo, nitarudi."

Longinus aliendelea kufunga fundo lililokwisha fungika. Kisha akatazama nyuma, kule msituni walikotoka, akapima jua.

"Nakutesa bure," alisema. "Ukiondoka sasa utafika kwa kaka yako kabla ya giza." Akamvisha kandambili mguuni, taratibu, akabaki ameushika ule mguu. "Rudi. Rudi, Mama Apoline."

Jina lilitoka limekwaruzika, likamshtua hata yeye mwenyewe. Akafunika uso, mabega yakaanza kumtikisika. Asnath naye akalia. Walilia pale nyasini, watu wazima wawili, na hapakuwa na wa kuwaambia nyamazeni.

Walipomaliza, Asnath alijifuta kwa kanga. Akanyanyuka kwa shida, akakichukua kiroba cha mumewe, akajitwika.

"Nimekuambia rudi," alisema Longinus.

"Nimekusikia. Hebu niite tena."

Akamwita. Asnath akatangulia njia ya Kasulu, akichechemea.