Asili ya Mama wa Mama

Mchana ule wa mwaka 1984 kijiji chetu cha Birkat al Mauz, Omani, kilikuwa kimesinzia. Maji ya mfereji wa falaji yalipita chini ya migomba bila haraka, nami nilikaa kizingitini na daftari langu la kisomo cha watu wazima, nikiona herufi kama zinaelea juu ya maji hayo.

Ndipo mwanangu Nadhir alipofika kutoka Sur. Alianza ukarani wa mahakama Nizwa, akasomea sheria Kairo, akawa hakimu huko Sur. Sasa mahakama ya shirikisho ya Abu Dhabi ilimtaka awe jaji. Ilibaki fomu moja.

"Shikamoo, mama. Wanataka asili ya bibi, na shahidi ni wewe."

Kaka yangu Thuwaini, aliyekuwa akipasua matunda ya mishmishi, alidakia: "Andika Mshami. Unguja nzima ilimjua Mshami."

"Kwa hiyo mliidanganya Unguja nzima, mjomba?"

"Tulimstiri mama yetu. Wee jaji wa kesho, hujui tofauti?"

Nilicheka. Mama yetu Arusyak alikuwa Mwarmenia, yatima aliyeokotwa njiani karibu na Halab, nchi ya Shamu, akaolewa na Mmanga aliyemleta Unguja. Alituhadithia tunda la manjano, laini kama shavu la mtoto, aliloliita *tsiran*. Tulidhani ni la peponi. Tulipohamia Omani, siku nilipoonja mishmishi iliyoteremshwa kutoka mlima wa Jabal Akhdar, nilihisi mama amekaa ubavuni mwangu.

"Dada, wakiona Mwarmenia watauliza ukoo na dini mpaka kazi ipotee," alisema Thuwaini. "Weka dole gumba tu, Nadhir ataandika."

Maisha yangu yote niliweka dole gumba chini ya maneno ya wengine.

"Mwanangu, unaitaka kazi hii?"

"Naitaka sana, mama."

"Na shahidi akikupa nusu ya kweli?"

Aliinamisha kichwa. "Namrudisha aseme yote."

Nikaomba kalamu. Niliandika polepole, jasho likinitoka: Arusyak, Mwarmenia. Chini yake nikatia jina langu, Mabruka. Thuwaini aliondoka bila kuaga.

Wiki tatu baadaye Nadhir alipiga simu nyumbani kwa jirani.

"Waliuliza swali moja tu, mama: mwandiko huu ni wa nani?"

"Ukawajibuje?"

"Wa shahidi. Kesho ninaapa."

Nilirudi nyumbani kama anayetembea juu ya maji. Thuwaini alikuwa kizingitini, bakuli mapajani. Alinisikiliza, akapasua tunda moja, akanipa nusu.

"*Tsiran*," alisema. Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu utoto wetu.