Wali Unaozama

Theluji ya Machi haina haraka hapa Kanazawa, Japani. Mchana ule ilikuwa ikishuka kana kwamba haijaamua itue au irudi ilikotoka. Nikapita chini ya pazia la kitambaa mlangoni mwa mkahawa, nikaketi kwenye kiti changu, cha tatu kutoka ukutani. Viti ni vinane tu. Kaunta ni ubao mmoja wa mberoshi, unaosuguliwa kila asubuhi mpaka unanukia kama msitu ulioamshwa mapema.

Sikuwa nimefika kwa Fundi Kuramochi, mpishi wake, tangu nipatwe na kiharusi. Miezi saba. Mkono wangu wa kulia, ulioshika brashi na kufundisha watoto wa watu mwandiko kwa miaka arobaini, ulikuwa umelala usingizi usio wangu. Nikiuita, unakuja umechelewa, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Na kwa Kuramochi watu hula sushi, vitonge vya wali vilivyolazwa samaki juu, kwa vidole. Mkono wa kushoto ungeniokoa, lakini sikuja kuokolewa. Nilikuwa nimejiwekea sharti: kipande kimoja kikinidondoka mbele za watu, nitaondoka, na sitaketi tena kwenye kaunta ya mtu yeyote. Nitakula nyumbani kwa kijiko, mlango umefungwa.

Pembeni yangu alikuwa Bwana Tatsuno, muuza hariri, ambaye mdomo wake haujui kupumzika. Aliniambia walidhani nimeolewa mbali. Nikamjibu kwamba posa zilikuwa nyingi, nilikuwa bado nachambua.  Fundi aliutazama mkono wangu mara moja tu, jinsi anavyoutazama mkono wa kila mgeni ili ajue kipande akielekeze wapi, kisha akainamia kazi yake.

Ngisi akaja, mweupe mpaka karibu asionekane. Vidole vyangu vikamfuata, vikambana, vikapanda naye. Sikupumua. Akafika mdomoni. Akaja kamba mtamu wa bahari yetu, naye akafika. Mvuke wa chai ukapanda, dirisha likawa maziwa matupu, sauti za watu zikasogea mbali, na mimi nikawa kama naelea juu ya kiti. Nilikuwa nimesahau kwamba furaha ni nyepesi namna hii.

Kipande cha tatu ndicho kilichoniamsha. Wali ulikuwa unabisha.

Wali wa Kuramochi haubishi. Anaushika kwa wepesi, hata kipande kikiwekwa kwenye kisahani huzama kidogo, kama mtu anayeketi baada ya safari, na mdomoni punje hutawanyika zenyewe. Huu wangu nilikuwa nautafuna. Nikatazama kisahani cha Tatsuno: kipande kikatua, kikazama. Nikatazama changu: kikatua, kikasimama kama askari. Fundi alikuwa ananikandia wali mgumu, kama ule wanaofungiwa wasafiri wa treni, ili usinidondoke.

Basi ushindi haukuwa wangu. Ulikuwa wa viganja vyake.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna anayemsahihisha fundi mbele ya wageni wake, na kwa wali ule ningemaliza mlo salama, nikarudi tena mwezi ujao, na ujao. Lakini nyumbani mkwe wangu alikuwa ananikatia kila kitu vipande vidogo vidogo. Hapa nilikuja niwe mlaji kama wengine.

"Fundi," nikasema, "wali wangu hauzami."

Mikono yake ikasimama hewani.

"Umenikamata, Mwalimu," akasema, macho chini.

"Nipe kama wa jirani."

"Utamwagika."

"Acha umwagike."

Tatsuno akacheka kwa pua. "Miaka ishirini namtafutia huyu bwana kosa. Mwenzangu kaja na mkono mmoja umelala, kalipata."

Nikacheka na mimi. Hakuna aliyewahi kuutania mkono ule. Wote walikuwa wakiupita kwa kunyata.

Fundi akachovya vidole majini, akachota wali, akamlaza jodari juu yake. Kipande kikatua, kikazama. Nikanyoosha mkono. Kilipanda nusu ya njia, kisha nikakiona kikilegea taratibu sana, na wali wote ukaanguka kwenye kaunta. Jodari akabaki ameninata kidoleni.

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu ya kusimama niondoke, kama sharti langu. Koti langu nililiona lilipotundikwa. Lakini nikamla kwanza yule jodari, baridi, mwenye mafuta, halafu nikaanza kuziokota punje moja moja. Kila moja iliachia siki yake ulimini na kutoweka. Ndio wali niliouota miezi yote saba, na nilikuwa nikiula kutoka kwenye ubao kama kuku, mbele za watu, wala sikutaka kuacha.

"Kingine?" Fundi akauliza.

"Kilekile. Na usinionee huruma."

"Hiki kitazama zaidi."

Bwana Tatsuno akasogeza kikombe chake cha chai kando, ili wali wangu upate pa kuangukia.