Kopo la Dawa ya Sebastiani

Dawa ile ilikuwa na masharti mengi kuliko ndoa ya kanisani. Sebastiani, katekista wa miaka sabini, alikuwa na saratani ya uboho, imemtafuna mgongo mpaka kufunga viatu kukamshinda. Daktari aliyemwagizia thalidomaidi kutoka ng'ambo alimkanya Albina, mke wa mzee: mtu mwingine asiionje, hasa mjamzito, maana kidonge kimoja chaweza kumfanya mtoto azaliwe hana mikono. Kisha akamkabidhi mzee pakiti za kondomu, nazo ni sharti, maana dawa hupenya hata kwenye mbegu za mwanamume. Albina alicheka njia nzima kutoka mjini. Katekista hakucheka.

Miezi miwili baadaye mzee alishika tena jembe, na akilala, usingizi wa pono. Hapo balaa likaanza. Kijijini kwao dawa iliyomfaa mmoja ni ya wote, na tangu maduka ya dawa yaote kila kona ya mtaa wa Mazwi kule mjini, hakuna aliyeogopa kidonge. Jirani yao Dominika, mama kiongozi wa jumuiya ya Kikristo, alikuja kumwombea kidonge Evodia, mke wa mwanawe, ambaye mimba changa ilimtapisha usiku na mchana.

"Kimoja tu, mwenzangu, apate kulala."

"Kitamharibu mtoto, Dominika. Daktari kasema."

"Sema una uchoyo."

Albina alimjua jirani yake: akinyimwa, atajichukulia. Hofu ikamshika kweli. Akavifukia vidonge ndani ya kapu la mbegu za ulezi, na kopo vilimokuwa akalijaza kondomu, akaliacha palepale mezani.

Jumamosi jumuiya ilisali kwao. Katikati ya litania, watu wamefumba macho, Albina akachungulia kwa jicho moja: mkono wa Dominika ulizama koponi, ukarudi ndani ya kanga. Akajiuma midomo asicheke. Waliposimama kuimba, pakiti tatu zikadondoka miguuni pa katekista.

"Si zangu!" Dominika akapiga kelele. "Ni za Sebastiani!"

"Ni zake kweli," Albina akasema. "Kaandikiwa na daktari."

Wimbo ukaishia hapo. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na katekista akatoka nje akijifanya anatafuta kuku.

Dominika hakumsemesha Albina miezi sita. Evodia alipojifungua, Albina alikwenda bila kuitwa, akamfunua mtoto, akahesabu vidole vya mkono mmoja, kisha vya mkono wa pili.

"Unakagua nini?" Dominika akafoka.

"Kumi," Albina akasema, machozi yakimtoka.