Zamu ya Msiba

Mashine ya kufungasha mahindi ilipofika ghalani, mwenye ghala alisema hamfukuzi mtu: mshahara uleule, kazi siku tatu tu kwa wiki. Wabeba magunia wakashangilia. Pankrasi alicheza hadi ndala ikakatika.

Alhamisi ya kwanza alilala. Ijumaa akafagia uwanja, mkewe akamnyang'anya ufagio. Jumamosi akasikia kuna msiba mtaani, akaenda. Loo, wenzake wote wa ghalani walikuwa huko! Mtu mwenye siku nne za bure atazipeleka wapi, jamani? Msibani kuna watu, kuna bao, kuna ugali na maharage. Mwezi haukuisha, wafiwa wa mtaa huo wa Mshangano wakawa wanalia mara mbili: wanamlilia marehemu, wanalilia na gunia la unga.

Balozi wa nyumba kumi, Kunegunda, mama asiye na masihara, akanunua daftari la kuandikia majina ya wanaokuja misibani.

"Kila mtu msiba mmoja kwa wiki. Mkitaka shibe, kaleni kwenu!"

Wiki hiyohiyo Pankrasi akaenda kumzika mzee Beda, asiyemjua hata kwa sura, akala sahani mbili. Kesho yake mama yake mzazi akafariki.

Alikimbilia kwa dada yake, alikokuwa akiishi mama. Balozi alikuwa amesimama mlangoni na daftari.

"Pole sana, baba. Ila zamu yako uliimaliza jana."

"Mama Balozi, huyu ni mama yangu!"

"Najua, hata mimi nimemlilia. Lakini nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu atakuja kufiwa na mama."

Uwanjani watu mia walikuwa wamejaa mikekani, wote kwa zamu halali. Pankrasi akalitazama daftari.

"Hakuna nafasi hata moja?"

Balozi akafunua ukurasa. "Ya kuchimba kaburi. Huku hajajiandikisha mtu."

Tangu lini mfiwa akachimba? Mwana hukaa, akapewa pole. Lakini Pankrasi alichukua sururu, akaenda nyuma ya migomba, akachimba huku akilia. Na wale mia wanamtazama tu, wanaume wazima wenye siku nne za kupumzika! Aibu gani hii!

Shimo lilipomfika kiunoni, Amedeus, mbeba magunia mwenzake, aliweka sahani chini, akashuka, akampokea sururu.

"Toka, ndugu yangu. Kamlilie mama."

"Sina zamu."

"Chukua yangu."

Pankrasi akatoka na matope yake, akapita mbele ya Balozi, akaingia ndani. Akaketi miguuni pa mama yake, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemuuliza jina.